Maandishi meupe yamegeuka pinki: nani alipe?

Mama mmoja wa Kintinku, wilayani Manyoni, ametutumia ujumbe mrefu kwa simu. Kijana wake ana miaka 22. Baada ya kidato cha nne alikwenda Dodoma kwa mjomba wake, akajifunza kuchapa fulana, kisha akarudi nyumbani na fremu mbili, makopo matatu ya wino na mashine ya kukandamiza kwa joto. Mashine hiyo ilinunuliwa kwa fedha za mbuzi wa baba yake. Mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Alichapa fulana za kwaya, za timu ya mpira, za harusi.

Mwezi huu kamati ya wazazi wa darasa la saba ikampa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: fulana nyekundu 45 za mahafali. Kamati ilizinunua yenyewe mjini kwa Sh8,000 kila moja. Kazi ya kijana ilikuwa kuchapa jina la shule na mwaka kifuani, na orodha ya majina ya watoto wote mgongoni, kwa maandishi meupe. Malipo yake Sh3,000 kwa kila fulana.

Alikabidhi Ijumaa jioni, maandishi meupe kama maziwa. Jumatatu asubuhi mzazi wa kwanza akapiga hodi. Kufikia Jumatano fulana zote 45 zilikuwa na maandishi ya pinki, na hakuna hata moja iliyokuwa imefuliwa.

Sasa kamati inataka kijana alipe fulana pamoja na uchapaji. Baba anasema atauza mbuzi wengine alipe deni, lakini mashine nayo iuzwe na kijana arudi kwenye mpunga. Kijana anasema kosa ni la kamati, maana ndiyo iliyoleta kitambaa kibovu. Mama anauliza mambo mawili: ni nini kimetokea, na nani alipe? Mahafali ni mwisho wa mwezi, kwa hiyo muda bado upo.

Pole sana, mama. Tuanze na lililotokea, kwa sababu bila kulijua hilo hatuwezi kusema nani alipe.

Hapa rangi haikuchuja, imepanda

Sote tunajua nguo inayochuja. Unaloweka kanga mpya pamoja na shati jeupe la shule, na shati linatoka na madoa. Hapo rangi imesafiri ndani ya maji. Lakini fulana hizi hazikuguswa na maji. Rangi nyekundu ilitoka kwenye uzi wa fulana, ikapanda juu na kuingia ndani ya wino mweupe, na kilichoipandisha ni joto.

Fulana ya pamba tupu na fulana ya mchanganyiko hazipakwi rangi kwa njia moja. Pamba hunywa maji, na rangi inayotumiwa kwa wingi kwenye fulana za pamba hushikana na uzi wenyewe kiasi kwamba joto la pasi haliibandui. Poliesta haitaki maji. Ni uzi wa kiwandani uliobuniwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Kuupaka rangi kunahitaji rangi ya aina nyingine, yenye chembe ndogo sana zinazosukumwa ndani ya uzi kwa joto kali. Uzi ukipoa, chembe zinabaki zimefungiwa humo.

Tatizo ni kwamba mlango huo huo uliofunguliwa kwa joto kiwandani unaweza kufunguliwa tena kwa joto la fundi. Fulana ikipata moto wa kutosha, chembe za rangi zinatoka kwenye uzi zikiwa mvuke, bila kupitia hali ya maji kwanza. Mama yeyote aliyewahi kuweka vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini anajua jambo hili. Kidonge kinapungua siku hadi siku mpaka kinaisha, wala hukuti tone la maji chini yake. Kimekwenda hewani. Rangi ya poliesta hufanya hivyo hivyo ikipashwa moto, na kitu cha kwanza inachokutana nacho ikitoka kwenye uzi ni wino mweupe uliolala juu yake.

Wino mwingi mweupe wa fulana umetengenezwa kwa plastiki laini na mafuta ya kuilainisha. Wenyewe huuita plastisoli. Rangi ya poliesta huyapenda mafuta hayo. Inaingia humo na kuendelea kusambaa taratibu hata fulana ikiwa imeshapoa. Ndiyo maana kazi ilikuwa safi Ijumaa na kuharibika Jumatatu. Wakati mwingine rangi huonekana fulana ikiwa bado iko mezani, wakati mwingine baada ya siku kadhaa, na wakati mwingine baada ya wiki nzima au zaidi. Kijana hakumdanganya mtu. Alikabidhi kazi ambayo kwa macho yake ilikuwa nyeupe.

Nyuzi 180 ndizo zilizomponza

Katika ujumbe wake mama ameeleza kwamba kijana huweka mashine kwenye nyuzi joto 180, kwa sababu ndivyo alivyoona Dodoma wakibandika picha kwenye fulana. Hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Plastisoli ya kawaida haikauki kwa jua, hata jua la Kintinku la mwezi wa kumi. Ukiianika wiki nzima itabaki mbichi. Inaiva ikipata joto la kama nyuzi 160 kupenya unene wote wa wino. Rangi ya poliesta nayo huanza kutoka kwa nguvu kuanzia nyuzi 140 hivi, na ile ya bei ya chini hutoka hata kabla ya hapo. Kwa hiyo joto linaloivisha wino wa kawaida limeshapita joto linaloitoa rangi kwenye uzi. Ukifika 180 umeongeza kuni kwenye moto ambao tayari ulikuwa mkubwa.

Kinga yake si kupunguza tu joto. Wino wa kawaida usipoiva vizuri utaonekana umekauka kwa juu, kisha utapasuka na kubanduka kwenye mfuo wa pili au wa tatu. Wazazi watarudi kulalamika kwa kosa jingine. Ukizidisha moto rangi inapanda, ukipunguza maandishi yanabanduka. Fundi anayechapa kitambaa cha mchanganyiko kwa wino wa pamba amebanwa pande zote mbili. Njia ya kutoka ni wino mwingine.

Wino wa kutafuta dukani

Wapo mafundi wanaodhani wino mweupe ni mweupe tu, tofauti ni bei. Sivyo. Unapokwenda dukani, geuza kopo na usome. Kwa kazi ya mchanganyiko tafuta kopo lililoandikwa Low Bleed, yaani wino uliotengenezwa kuzuia rangi ya kitambaa isipande. Ukikuta pia limeandikwa Low Cure, ujue wino huo unaiva kwa joto la chini, mara nyingi kati ya nyuzi 130 na 140. Wino wenye sifa zote mbili ndio unaomfaa kijana wetu: unaiva kabla rangi ya uzi haijaamka sana, na ile itakayotoka inakutana na kizuizi.

Tusilichanganye hilo na maneno mengine ya kwenye kopo. Neno linalosema wino una weupe mkali, au unafunika vizuri, halimaanishi kwamba unazuia rangi kupanda. Wino unaweza kung'aa siku ya kwanza kuliko wote sokoni na bado ukawa pinki siku ya nne. Usipoelewa maandishi ya kopo, mwulize muuzaji swali moja la wazi: wino huu unafaa kwenye poliesta nyekundu, na unaiva kwa nyuzi ngapi? Akishindwa kujibu nusu ya pili ya swali, mwombe karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Kuuliza si ujinga, na hapa kuuliza ni bei ya fulana 45.

Kwa poliesta tupu, mfano jezi, wino huo peke yake unaweza usitoshe. Mafundi wa jezi huchapa kwanza tabaka la wino wa kijivu au mweusi uliotengenezwa kuzuia rangi, kisha mweupe juu yake. Wino huo wa chini mara nyingi huwa na kaboni, ndugu ya mkaa wetu. Kama mkaa unavyotumiwa kunasa harufu na uchafu kwenye vichujio vya maji, kaboni hiyo hunasa chembe za rangi kabla hazijafika juu.

Sasa tahadhari tatu kuhusu kopo hilo jipya.

Kwanza, asilichanganye na wino mweupe wa zamani ili liende mbali. Akichanganya, kinga inapungua na hajui imepungua kiasi gani. Asiongeze pia mafuta ya kulainisha kuliko mtengenezaji anavyoelekeza.

Pili, asilitumie kwenye kila fulana. Baadhi ya wino wa kuzuia rangi ya poliesta una dawa ambazo kwenye pamba ya rangi zinaweza kuacha kivuli cha maandishi kwenye fulana iliyolazwa juu yake, hasa zikipangwa zikiwa na moto. Pamba ibaki na wino wa pamba, mchanganyiko na wino wa mchanganyiko. Makopo yawe mawili, kila moja na alama yake kubwa.

Tatu, wino wa maji nao si dawa ya moja kwa moja. Wapo wanaoupenda kwa sababu ni rahisi kuosha fremu. Lakini wino mweupe wa maji wa kawaida hufunika kwa shida kwenye fulana nyekundu, na mwingi unahitaji joto ili ushike. Rangi inaweza kupanda ndani yake pia. Kama ndio uliopo, uwe ule unaotiwa dawa ya kugandisha ili uive kwa joto la chini, na maelezo ya kopo yafuatwe neno kwa neno.

Kwanza ujue kitambaa

Wino hauchaguliwi kabla ya kitambaa kujulikana. Fulana nyingi zina lebo ndogo shingoni au ubavuni. Mama anasema lebo za fulana za mahafali ziliandikwa poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35. Taarifa yote ilikuwapo shingoni tangu mwanzo, ila hakuna aliyeisoma: si kamati wala fundi. Wauza vitambaa wana maneno yao pia. Wakisema TC wanamaanisha mchanganyiko ambao poliesta ni nyingi kuliko pamba. Wakisema CVC pamba ndiyo nyingi, lakini poliesta bado ipo.

Kama lebo imekatwa au huiamini, chomoa nyuzi chache kutoka kwenye pindo la ndani, zishike kwa koleo au kibanio, uziwashe juu ya sahani ya bati. Watoto wakae mbali, kwa sababu poliesta iliyoyeyuka ikidondokea ngozi inaganda na kuunguza. Pamba huwaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, na inaacha majivu laini unayoweza kuyapuliza. Poliesta hujikunja, inayeyuka na kuacha donge jeusi gumu kama shanga. Mchanganyiko hufanya yote mawili: unawaka, lakini ukisugua majivu yaliyopoa unakuta punje ngumu ndani yake.

Kisha angalia rangi ya fulana. Nyekundu na damu ya mzee ndizo zinazosumbua zaidi, na rangi nyingine nzito kama bluu ya giza, kijani cha giza na nyeusi nazo si za kuaminiwa. Fulana ya mchanganyiko iliyo nyeupe haina rangi ya kupanda. Hilo peke yake ni ushauri kwa kamati zenye mfuko mdogo: fulana nyeupe yenye maandishi mekundu itawapa watoto rangi zile zile mbili za shule bila hatari hii.

Kuna jaribio moja la nyumbani la kupima kama rangi ya fulana inapanda kwa urahisi. Tandika fulana, weka juu yake kipande cheupe cha kitambaa cha poliesta, funika kwa kitambaa chembamba cha pamba, kisha kandamiza kwa pasi ya moto wa wastani kwa nusu dakika hivi. Kipande cheupe kikitoka na wekundu, umeonywa. Kiwe cha poliesta, si cha pamba, kwa sababu rangi hii inakimbilia poliesta na inaweza kuipita pamba bila kuacha alama ya kutosha.

Namna ya kuchapa

Wino mzuri kwenye mkono wa haraka bado utaharibika. Kijana azingatie haya.

Achape mara mbili kwa tabaka la kutosha, si mara moja kwa wino mwembamba. Kati ya tabaka la kwanza na la pili, wino upate moto wa kuugandisha tu, uguse kwa kidole usiache alama. Asiuivishe kabisa mara mbili, maana kila safari ya moto ni nafasi nyingine ya rangi kupanda.

Apime joto, asiamini namba ya mashine pekee. Mashine nyingi ndogo huonyesha 150 huku sahani yake ikiwa na joto jingine, na katikati kukatofautiana na pembeni. Kifaa cha kupimia joto kwa miale kinasaidia, ila kiwe cha kazi za ufundi. Kile cha kupima homa kwenye paji la uso hakifiki joto hilo.

Fulana ikitoka kwenye moto, itandazwe au itundikwe ipoe kabla ya kukunjwa. Rundo la fulana zenye moto hutunza joto kama sufuria iliyofunikwa, na rangi inaendelea kupanda humo ndani wakati fundi anadhani amemaliza.

Akishapoza moja, aivute kidogo kwa mikono miwili. Maandishi yakipasuka, wino haujaiva.

Jambo kubwa kuliko yote: fulana ya kwanza iwe ya majaribio. Aichape, aiivishe, aikunje, aiweke mahali penye joto la kawaida la nyumba ya bati, kisha asubiri siku 3 kabla ya kugusa ya pili. Ikiwezekana asubiri wiki. Aifue pia mara moja. Kazi ya fulana 45 haipaswi kuanza kabla fulana moja haijatoa ushahidi.

Sasa, nani alipe?

Tuhesabu kwanza. Fulana 45 kwa Sh8,000 ni Sh360,000. Uchapaji wa Sh3,000 kila moja ni Sh135,000. Kamati inadai jumla, yaani Sh495,000.

Kijana anasema kamati ilileta kitambaa kibovu. Hapo hatukubaliani naye. Kitambaa hakikuwa kibovu. Ni cha mchanganyiko, na lebo ilisema hivyo. Fundi ndiye anayetarajiwa kujua kipi kinakubali wino wake. Mshonaji hawezi kukata kitambaa halafu alaumu kitambaa kwa kurudi baada ya kufuliwa. Kazi ya uchapaji imeharibika mikononi mwake, kwa hiyo Sh135,000 ni zake kurudisha, au kutozipokea kama bado hajalipwa.

Lakini kamati nayo isijifanye haimo. Ilinunua fulana bila kumshirikisha fundi, ikampa kazi bila kuomba sampuli, ikataka zikabidhiwe kwa haraka. Tena fulana bado zipo. Hazijaungua wala kuchanika, na mtoto anaweza kuzivaa. Kumtaka alipe Sh360,000 za fulana ambazo zitaendelea kuvaliwa ni kumtoza mara mbili. Tunaona haki ni kijana abebe uchapaji, kamati ibaki na fulana, na wote wawili washirikiane kuziokoa.

Kuziokoa kunawezekana kwa sehemu. Kufua hakutarudisha weupe, wala dawa ya madoa, kwa sababu rangi imo ndani ya wino na si juu yake. Kuchapa mweupe mwingine juu ni kujaribu bahati, maana wino wa chini umeshabeba rangi na unaweza kuipandisha tena. Njia yenye matumaini zaidi ni kuchapa maandishi meusi juu ya yale ya pinki, herufi ziwe nene kidogo kuliko za kwanza ili zifunike kingo. Nyekundu ikipanda ndani ya nyeusi haionekani. Kulenga herufi juu ya herufi kunahitaji utulivu, hasa orodha ya majina mgongoni, na huenda majina madogo yakahitaji kufunikwa kwa kipande kimoja cheusi kisha kuachwa bila maandishi. Aanze na fulana moja, aitazame siku 3, aipeleke kwa kamati. Wakiridhika aendelee, bila malipo.

Aende mwenyewe, mama, asitumwe mtu. Ikiwezekana baba amsindikize, akae pembeni, kijana ndiye aseme. Aeleze kilichotokea kama tulivyoeleza hapa, aonyeshe lebo, aonyeshe ile moja iliyosahihishwa, ataje fedha anazorudisha. Kijiji kama Kintinku hakisahau fundi aliyekimbia kazi mbaya, lakini hakimsahau pia aliyerudi nayo mkononi.

Na baba tunamwomba kwa heshima: mashine isiuzwe. Mbuzi wale walimnunulia kijana mashine, na hasara hii imemfundisha kitu ambacho alitoka Dodoma bila kukijua. Ukiiuza leo umepoteza mbuzi na fundisho. Akubaliane na mwanawe kwa maandishi: Sh135,000 kama ikitoka kwa baba ni mkopo, irudi kidogo kidogo kutoka kwenye kila kazi, na kwa miezi mitatu ijayo hapokei kazi ya mchanganyiko wa rangi nzito mpaka amepata kopo sahihi na kuonyesha jaribio lililokaa wiki nzima. Mpunga hauzuii uchapaji. Msimu mmoja una siku nyingi.

Kwa mzazi anayeagiza fulana

Mahafali, michezo ya UMITASHUMTA, kwaya, kipaimara: kamati za wazazi zinaagiza fulana kila mwaka. Kabla ya kulipa malipo ya awali, andikeni kwenye karatasi moja mambo haya: kitambaa ni cha aina gani na asilimia ngapi, nani anakinunua, wino gani utatumika, sampuli moja itakabidhiwa lini, na itakaa siku ngapi kabla ya kazi kuendelea, na kazi ikiharibika, nani anabeba nini. Pande mbili zitie saini. Agizeni wiki 3 kabla, si siku 4. Haraka ndiyo inayoua sampuli.

Kama fulana ni za watoto wadogo wanaotafuna kola na kunyonya kifua cha fulana, ongezeni swali moja. Baadhi ya plastisoli za zamani zililainishwa kwa kemikali ziitwazo fthaleti. Umoja wa Ulaya mwaka 2005 na Marekani mwaka 2008 ziliweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa baadhi ya kemikali hizo katika vitu vya kuchezea na vifaa vya kulelea watoto. Wino usio na fthaleti upo sokoni na kopo lake husema hivyo. Ombeni huo.

Na fulana ikishafika nyumbani, pasi nayo ni joto. Pasi ya mkaa haina kipimo, na inaweza kupandisha rangi ambayo fundi alifanikiwa kuituliza. Geuza fulana ndani nje, usipitishe pasi juu ya maandishi, na kama ni lazima weka kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati. Fulana ya mchanganyiko haina mikunjo mingi. Ukiianika vizuri ikiwa imenyooshwa kwa mkono, mara nyingi haihitaji pasi kabisa.

Mama wa Kintinku, tuandikie tena baada ya mahafali utuambie kamati ilisemaje.